Safi na Twahara

Tangu utotoni walimwita Kokoto, na majirani wengi hawakujua kama ana jina jingine mpaka walipolisikia likisomwa siku ya matokeo ya mtihani. Enzi hizo za kuchezea vumbi, mifuko ya gauni lake haikukosa mawe. Bibi yake alipofua nguo aliyatoa moja moja na kuyapanga kwenye ukingo wa beseni, huku akilalamika kwamba mtoto huyu mwisho wake ataolewa na jiwe. Hakuolewa na jiwe, bali alikwenda chuo kikuu kulisomea, na kwa Bibi hayo mawili hayakupishana sana.

Sasa yuko mwaka wa mwisho wa jiolojia. Wazazi wake wanafanya kazi mji mwingine, kwa hiyo anaishi na Bibi kwenye nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, dirisha la jikoni likitazamana na ua wa msikiti. Chini ya kitanda chake kuna makasha ya mawe yaliyoandikwa namba kwa rangi nyeupe. Bibi ameyagonga kwa vidole vya miguu mara nyingi hata akayapa majina ya watu asiowapenda.

Hawa wawili ni watani. Babu alipokuwa hai, Bibi alimwita mjukuu wake "mke mwenza", kama mabibi wafanyavyo, na Babu akawa "mume wetu". Babu alifariki, utani haukufariki. Hata leo Bibi akimkumbuka marehemu husema mume wetu alipenda hivi, mume wetu alichukia vile, na mgeni asiyejua anaweza kudhani ameingia nyumba yenye mambo.

Sayansi ya mjukuu wake Bibi aliipokea kama anavyopokea bei za sokoni, yaani kwa kupatana.

"Hili nalo lina umri gani?" aliuliza siku moja, jiwe la kijivu mkononi.

"Kama miaka milioni mia mbili, Bibi."

"Nani alikuwepo akahesabu?"

"Hakuna. Inapimwa."

"Basi punguza kidogo, mke mwenza. Watu wasikuone mwongo."

Chuoni nako hakukosa watu wa kumpekua. Mwanafunzi mwenzake mmoja, kijana mwenye maswali mengi kuliko majibu aliyoandika kwenye mtihani, alimuuliza anawezaje kutoka kwenye somo la mamilioni ya miaka akaenda moja kwa moja kuswali. Kokoto alimjibu kwamba hajasoma popote kwamba Mungu ana haraka. Jibu lilimtosha kijana, ila Kokoto mwenyewe halikumtosha. Si kwamba alikuwa na shaka. Alijiona tu kama mtu mwenye vyumba viwili, kimoja cha nyundo na kingine cha mswala, na mlango wa kati hajawahi kuufungua kwa kuwa hakuna kilichomlazimu. Kilichokuja kumlazimu ni maji.

Msikiti ule una mabomba mengi ya kutawadhia, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Maji yakishapita mikononi na miguuni mwa watu yalitiririka kwenye mfereji mpaka barabarani, na huko yakafanya tope lisilokauka kiangazi wala masika. Watu walitawadha, wakaswali, wakatoka wakakanyaga tope la udhu wao wenyewe. Kokoto alikuwa akilitazama tope lile kutoka dirishani tangu angali mdogo. Ulipofika wakati wa kuchagua mradi wa kumalizia masomo, wenzake walichagua dhahabu na mafuta. Yeye alichagua tope. Angeyakusanya maji yale, ayapitishe kwenye mapipa yenye tabaka za kokoto, mchanga na mkaa, kisha yarudi kuhudumia vyoo vya msikiti na kumwagilia miche uani. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Binti huyu alikuwa akiandika kurasa na kurasa kuwapinga.

Kamati ya msikiti haikumsumbua. Mwenyekiti aliuliza jambo moja tu, kama maji hayo yatarudishwa kwenye mabomba ya kutawadhia. Kokoto, aliyesoma madrasa kabla ya kusoma mawe, alijibu bila kusita kwamba hapana: maji yaliyokwisha kutawadhiwa ni twahara, lakini hayamtwaharishi mtu mwingine. Chooni yanafaa, kwenye miche yanafaa, kwenye udhu hayafai. Wazee walitazamana wakaridhika. Ruhusa ikatolewa, mapipa yakaletwa, na Bibi akamtangazia kila aliyepanda ngazi kwamba mke mwenzake anatengeneza maji.

Taabu ilitoka kwa mhadhiri wake. Alimtaka apime pia maji yanayoingia msikitini, si yale yanayotoka tu, ili apate cha kulinganishia. Maji yanayoingia ni ya kisima kilichoko uani, na kisima kile alikichimba Babu.

Babu alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu maisha yake yote, na alipopata nafuu kidogo aliwakusanya mafundi wenzake wakachimba kisima kile kwa ajili ya Mungu, kiwe sadaka yake ya kuendelea. Maana ya sadaka hiyo kila Mwislamu anaijua: mtu akifa matendo yake hukatika, isipokuwa machache, na mojawapo ni kile alichokiacha kikawafaa watu. Kila anayetawadha kwa maji yale, Babu huandikiwa thawabu huko kaburini aliko. Ndiyo maana pampu ya msikiti ilipoanza kunguruma kabla ya swala, Bibi aliacha alichokuwa akikifanya jikoni, akatabasamu, akasema, "Mume wetu anapokea mshahara."

Kokoto alichota maji ya kisima bila wasiwasi wowote, kwa kutimiza agizo tu. Maabarani aliyatia kwenye visahani vyenye chakula cha vijidudu, akavifungia kwenye kabati la joto. Alipovitoa kesho yake vilikuwa vimejaa vidoa. Akarudia upya, vidoa vikawa vilevile. Ni vijidudu vinavyoishi ndani ya matumbo ya watu, na njia vinayotokea tumboni inajulikana.

Sababu aliipata upesi, maana hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Chini ya mtaa ule kuna mwamba wa chokaa, nao umejaa nyufa. Nyumba za jirani zina mashimo ya vyoo, mengine ya zamani kuliko kisima chenyewe. Kama chini kungekuwa na mchanga, maji ya mashimo yale yangechujika njiani. Kwenye nyufa hupita kama yalivyo. Kokoto alifurahi sana. Hakuna haja ya kumfichia: mwanafunzi akipata matokeo hufurahi kwanza, kisha ndipo hukumbuka yanamhusu nani.

Toka siku hiyo akawa anabeba chupa ya maji ya kuchemsha kwenye mkoba. Msikitini alitawadha bombani kama wengine, ila ya kusukutulia na ya kupandisha puani aliyatoa kwenye chupa. Alifanya hivyo akigeukia ukutani, asije akaonekana anajidai.

Basi siku moja baada ya swala ya alasiri alipewa nafasi ya kuzungumza na kinamama katika ukumbi wao wa juu, awaeleze habari ya mapipa. Alieleza vizuri. Vichwa viliitikia, mtoto mmoja akalala, mambo yakaenda sawa. Hapo angeshuka kwa heshima zake. Badala yake akasema, "Kuna jambo moja zaidi, mama zangu. Nimeyapima maji ya kisima. Maji haya si safi. Yana vijidudu vya kinyesi."

Vichwa vikaacha kuitikia.

"Kinyesi cha nini?" aliuliza mama mmoja mshonaji, aliyekaa mbele.

"Cha binadamu."

"Kwenye maji haya haya tunayotawadhia?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

Mtu mwenye busara ya kawaida angesema hajui, akaketi. Lakini Kokoto amefundishwa kusema anachokijua na kinapoishia. "Kwa uhakika siwezi kusema," alijibu. "Kwa jinsi mwamba ulivyo, huenda tangu kisima kilipochimbwa."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kokoto alisema "safi" ya maabara, na kinamama wakasikia "safi" ya msikitini. Ukimwambia mtu msikitini kwamba maji yake si safi na yana kinyesi, umemwambia yana najisi. Yakiwa na najisi udhu haupo. Udhu usipokuwepo, swala nayo haipo. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Mmoja alishika kichwa. Mwingine alianza kuhesabu kwa vidole miaka yake tangu ahamie mtaa ule, akaishiwa vidole. Msomi wetu alikuwa bado mbele yao na karatasi yake, akieleza umuhimu wa kuchemsha maji ya kunywa, lakini hapakuwa na aliyemsikiliza. Bibi alikaa kando ya nguzo, macho yameganda kwenye zulia.

Magharibi ilipoingia, wanawake wengi walikuja wamekwisha kutawadha majumbani kwao. Wanaume nao walikuwa wamepata habari, tena zimetiwa chumvi: kwamba bomba la choo limeungwa na kisima. Maalim, ambaye ndiye imamu, alituma mtu amwite Kokoto.

Kokoto alimkuta katika chumba chake kidogo pembeni ya mihrabu, feni ikigeuza kurasa za kitabu kilichokuwa wazi mezani. Maalim alikifunga kitabu, akavuta kiti kimoja kwa ajili ya mgeni wake.

"Umewaambia nini watu?"

"Nimewaambia maji si safi, Maalim."

"Rangi yake imebadilika?"

"Hapana."

"Ladha?"

"Hapana."

"Harufu?"

"Hapana. Ila kuna vijidudu, nimeviona kwa macho yangu."

"Sijakuuliza umeona nini. Nimekuuliza maswali ya mlango wa maji kitabuni, na umenijibu mwenyewe. Maji yakifika kulla mbili, yaani pipa zima hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na kitu mpaka kibadilike kimojawapo katika hivyo vitatu. Kisima kile kina mapipa mangapi? Hayo uliyasoma hapa hapa kwangu, na fimbo nilikuchapa."

"Fimbo ilikuwa ya kuongea darasani, Maalim. Mlango wa maji niliujua."

Maalim alicheka mpaka miwani ikamtelemka. "Basi ni kuongea tena kumekuponza. Sasa nisikilize. Mimi naulizwa: je, mtu anaweza kusimama mbele ya Mola wake kwa maji haya? Najibu, anaweza. Kama yatamuumiza tumbo, hilo siulizwi mimi. Mtu akiharisha haji kwangu, anakwenda hospitali."

"Kwa hiyo sikukosea kupima."

"Hukukosea hata kidogo. Tena utaniandikia maneno ya kubandika pale bombani, watu wasinywe. Ila maji yana maswali mawili, nawe umelijibu moja kwa jina la jingine."

Kokoto alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Ule mlango wa kati ambao hakuwahi kuufungua, kumbe nyuma yake hapakuwa na ugomvi. Pande zote mbili watu walikuwa wameinamia maji yale yale wakiyatazama kwa makini, kila mmoja na swali lake. Alifikiri pia kwamba mradi wake si mpya kama alivyouandika. Maji aliyoyachota kisimani yalikuwa mvua zamani, na kabla ya hapo bahari, na kabla ya hapo mvua tena, yakizungushwa bila kutupwa hata tone tangu kabla ya mwamba wenyewe kuwa mwamba. Aliyeanza kurejeleza taka ni Muumba mwenyewe, na hilo alitamani kuliandika kwenye tasnifu, ila alijua mhadhiri angelikata kwa kalamu nyekundu.

Ijumaa iliyofuata Maalim alieleza kwa kipaza sauti habari ya kulla mbili, ya rangi, ladha na harufu. Watu walishusha pumzi. Mabomba yalirudia kelele zake, tangazo la kutokunywa likabandikwa, mapipa yakafungwa mferejini, na tope la barabarani likaanza kukauka pembeni. Kokoto alijua yamekwisha.

Hayakwisha. Siku moja alikuwa akitafuta ufagio nyuma ya mlango wa jikoni, mara chupa tupu za plastiki zikamwangukia, moja, mbili, kisha lundo zima. Yeye ndiye anayewahubiria majirani kuhusu plastiki. Yeye ndiye aliyewahi kumrudisha muuza duka na mfuko wake mlangoni. Na nyumbani kwake chupa zinamwangukia kichwani.

Kuanzia hapo akaanza kumtazama Bibi kwa jicho jingine. Aliona kwamba Bibi akimaliza adhuhuri, rakaa zake nne, anatoa salamu, anashika kiti kilicho karibu, anajiinua na kuswali nne nyingine. Alasiri vilevile. Kokoto alikuwa amedhani ni za sunna, wala hakujiuliza kuna sunna gani baada ya alasiri. Magoti ya Bibi yalikuwa yamevimba. Ngazi alizishuka ubavuubavu, mkono ukutani. Na pampu ya msikiti iliponguruma, Bibi hakutabasamu tena. Alinyanyuka akafunga dirisha.

Kokoto aliingiwa na hofu ya kweli. Magoti yale daktari alikwisha kuyakataza hata kupanda kigoda. Alipiga moyo konde, akaketi sakafuni karibu na kiti cha Bibi, chupa moja mkononi.

"Bibi, hizi ni za nini?"

"Za kutawadhia."

"Maalim si alisema maji ya kisima ni twahara?"

"Alisema, nilimsikia."

"Sasa?"

"Maalim ni mtu wa vitabu. Wewe umeona kwa macho."

Hilo Kokoto hakulitarajia. Siku zote alijua kwamba nyundo na mswala vikija kugombana, Bibi atakuwa upande wa mswala. Na sasa huyu hapa mzee wa watu, amemweka Maalim pembeni na kung'ang'ania visahani vya maabara.

"Bibi, maabara haioni najisi. Haiijui. Inaona vijidudu tu."

"Basi kwa nini wewe husukutui kwa maji ya bomba?"

Kokoto aliiweka chupa sakafuni.

"Nilikuona," Bibi aliendelea. "Unageukia ukutani na kichupa chako. Maalim anasema ni twahara, mke mwenza anaficha chupa kwenye mkoba. Nimwamini nani? Na mimi nikanunua chupa."

"Niliogopa tumbo, Bibi. Sikuogopa swala."

"Tumbo?"

"Kuharisha."

"Si ungesema tumbo!" Bibi alipaza sauti mpaka akakohoa. "Unasimama mbele ya watu wazima, oo, safi, oo, si safi, oo, kinyesi! Ungesema mtaharisha, nani asingekuelewa?"

Kokoto alicheka, hakuweza kujizuia. Bibi hakucheka. Alikuwa akisugua goti lake kwa kiganja, polepole, na kicheko cha mjukuu kikafa chenyewe.

"Basi acha kulipa swala za nyuma, Bibi. Swala zako zote ni sahihi. Magoti hayakuruhusu."

"Nani kakwambia nalipa zangu?"

"Za nani sasa?"

"Zangu zikinishinda nitaongea na Mola wangu, ningali hai, mdomo ninao. Nalipa za mume wetu." Bibi hakumtazama. "Yeye alitawadha kwa maji ya kisima kile tangu siku yalipotoka mpaka siku anakufa. Na kila aliyetawadha pale ni yeye aliyemchotea. Ikiwa maji yalikuwa najisi, huko aliko anapokea nini?"

Kokoto alikuwa amewatia wasiwasi watu waliomsikia, na hilo alilijua, akalijutia, akadhani limerekebishwa. Hakujua kwamba neno lake lilishuka mpaka kaburini likamfuata Babu. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta.

"Ulimuuliza Maalim kama inafaa kumlipia marehemu?"

"Nilijua ataniambia haifai. Ndiyo maana sikumuuliza."

Kisha Bibi aliuliza lile lililokuwa chini ya yote. "Alichimba vibaya?"

Kwa swali hilo Kokoto hakuhitaji kitabu cha mtu yeyote. Alikuwa ameshusha taa kisimani mara kadhaa, akazikagua kuta jiwe kwa jiwe. "Hapana, Bibi. Kazi yake imenyooka, kuta hazina ufa hata mmoja. Wenye nyufa ni mwamba, na ulikuwa nazo kabla binadamu yeyote hajazaliwa. Hata mimi na vyombo vyangu vyote ningechimba pale pale."

"Pale pale?"

"Pale pale."

Bibi alivuta pumzi ndefu. "Haya. Mimi umeniambia. Na wale uliowaambia siku ile, kila mmoja ana maiti wake. Maalim kawaambia, lakini waliokuona wewe ukisema wanakungoja wewe."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kokoto aliomba nafasi nyingine, na siku hiyo alikwenda na Bibi mapema, wakashuka ngazi taratibu, goti kwa goti. Ukumbi wa juu ulijaa kuliko mara ya kwanza, maana binadamu tunapenda kumwona mtu akijiumbua. Hakubeba karatasi.

"Mama zangu," alisema, "siku ile niliwaambia maji ya kisima si safi. Nilitumia neno silo. Maji yale ni twahara. Udhu wenu upo, na swala zenu zipo, na za wale waliotangulia zipo vilevile. Nilichopima mimi ni tumbo. Msiyanywe bila kuyachemsha, mtaharisha."

Kicheko kilizuka kutoka safu za nyuma mpaka mbele. Yule mshonaji akasema kwa sauti, "Ndiyo yote hayo? Tumbo?" na mwenzake akamjibu kwamba yeye tangu mwanzo alijua, jambo ambalo halikuwa kweli, kwani yeye ndiye aliyeishiwa vidole.

"Nawe utasukutua?" Bibi alimuuliza chinichini aliposhuka. "Au una kichupa?"

"Kusukutua na kutema si kunywa, Bibi. Nilizidisha uoga."

Walisimama kwenye mabomba mawili yaliyokaribiana. Kokoto alikinga viganja. Hatusemi kwamba hakuviona vile vidoa. Aliviona akilini, tena vizuri, alijua hata umbo lake. Alitia nia, akaosha mikono, akachota, akasukutua, akatema. Bibi alikuwa amesimama bila kufungua bomba lake, akimtazama mdomoni kama anavyomtazama mtoto aliyepewa dawa. Aliporidhika alifungua maji, akajitawadha kwa mwendo wake, hakuruka kiungo. Yale yaliyopita miguuni mwao yaliteremka kwenye mfereji yakageukia kwenye mapipa.

Wakaswali alasiri bega kwa bega, imamu akisikika kutoka chini. Ilipotolewa salamu, Kokoto aligeuza shingo kulia, kushoto, kisha akabaki ameketi akikitazama kiti kilichokuwa karibu na Bibi. Wanawake walianza kuinuka na kutafuta viatu vyao. Bibi hakukigusa kiti. Aliinua viganja akaomba dua ndefu, na katika mnong'ono wake mjukuu alisikia maneno mawili tu, mume wetu, halafu sauti ikapotea tena kwenye viganja. Akajipangusa uso.

"Niinue, mke mwenza," alisema, akinyoosha mkono. "Twende nyumbani tukachemshe maji."